Peninah Wakesho na Lugha ya Wazee wa Konamara

Mchungaji, ndugu na jamaa, majirani zetu wa Deira hapa Dubai, na nyinyi wauguzi mliotoka zamu mkaja hapa bado mmevaa sare, familia ya Bwana Eliud Mwadime inawashukuru kwa kufika, na kwa niaba yao tutawasimulia maisha ya mke wake mpendwa, Peninah Wakesho, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Martina, na nyinyi wa darasa la Ijumaa mlimwita Mwalimu.

Peninah alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Sagalla, karibu na mji wa Voi nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa hayati mzee Mwachala na Mama Mkawasi, katika nyumba ambayo mama alisema Kisagalla, baba aliyetoka Wundanyi akasema Kidawida, na wawili hao wakikosana walihamia Kiswahili, hata watoto wakajua mapema kwamba Kiswahili kikisikika jikoni ni heri kwenda kuteka maji.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Sagalla kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari Wundanyi kuanzia 1980 hadi 1983, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi mjini Mombasa, alikohitimu mwaka 1988, na mwaka uliofuata akaajiriwa hospitalini Voi, wodi ya wazazi, ambako wako watu wazima leo wanaotembea mjini wasijue kwamba mikono iliyowapokea duniani ilikuwa yake.

Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa takatifu na Bwana Eliud, aliyekuwa karani wa mizigo bandarini Mombasa, na tarehe 7 Juni 1994 wakajaliwa binti yao, Martina, ambaye Mungu hakumpa ndugu, lakini mama yake alimpa marafiki wa kutosha kujaza ukumbi huu.

Mwezi wa Septemba 2002, mishahara ya wauguzi ilipokuwa haitoshi na Ayalandi ikiwatafuta wauguzi, Peninah alisafiri kwenda huko, akafanya kazi kwanza katika mji wa Galway, na mwaka 2004 akahamia nyumba ya kutunzia wazee katika pwani ya Konamara, magharibi ya nchi hiyo, sehemu ambayo watu huzaliwa na kukua wakisema Kiayalandi, na Kiingereza hukutana nacho baadaye, shuleni. Wazee wale, kumbukumbu zilipoanza kuwatoka, Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka, wakabaki na lugha ya mama zao peke yake, ilhali wauguzi karibu wote walikuwa wageni, au watu wa miji mingine ya huko huko Ayalandi, wasioielewa.

Alikuwepo bibi mmoja, Bairbre, ambaye kila jioni alilia akirudia maneno yale yale, na kwa kuwa alivuta nguo za kila aliyemkaribia, iliandikwa kwamba ni mkali, akawa anapewa dawa ya kumtuliza. Jioni moja ya majira ya baridi ya mwaka 2005 Peninah alikaa kando ya kitanda chake, akayashika yale maneno kwa masikio jinsi mtu anavyoushika wimbo, akashuka nayo hadi jikoni kwa mpishi, mama wa kijiji kile ambaye kazi yake haikuwahi kumfikisha vyumbani, akamwambia, "Dada, nisaidie, bibi wa chumba cha mwisho anasema *tá fuacht orm*, ni nini hicho?" Mpishi aliuweka mwiko chini, akajifuta macho kwa aproni, akajibu, "Anasikia baridi. Maskini wa Mungu, anasema tu kwamba anasikia baridi." Peninah alipanda na blanketi mbili, akamfunika, akamsugua miguu, na Bairbre akamshika mkono, akasema naye kwa muda mrefu mambo ambayo Peninah hakuyaelewa hata neno moja, na usiku ule hakuna dawa iliyohitajika.

Kuanzia hapo alijifunza Kiayalandi, kwa mpishi yule saa za chai, kwa wazee wenyewe waliocheka matamshi yake hadi wakasahau maumivu, na kwa Bairbre, aliyemwita *a stór*, yaani hazina yangu, mpaka bibi huyo alipofariki mikononi mwake mwaka 2007. Familia za kijiji zilipoanza kudai kwamba katika kila zamu awepo japo muuguzi mmoja anayejua lugha ya wazee, Peninah alikaa nao mikutanoni, akaandika nao maombi kwa wakuu wa afya, na alipoulizwa na mkubwa mmoja, "Wewe hili linakuhusu nini?" alijibu kwa upole, "Mimi ndiye ninayeitwa wakilia."

Mwezi wa Agosti 2010, baada ya miaka minane ya ndoa ya simu, alikuja hapa Dubai kuungana na mumewe, ambaye tayari alikuwa katika kampuni ya usafirishaji kwenye eneo huria la uwanja wa ndege, akaajiriwa katika hospitali ya binafsi hapa Deira, na alikuta kwamba nusu ya wauguzi wenzake walikuwa wakijiandaa kuondoka kwenda Ayalandi, wote wakisomea mtihani wa Kiingereza, hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba kuna Waayalandi ambao Kiingereza hicho hakitawafikia.

Hapo ndipo lilipomkuta jambo lililomsumbua kuliko yote, kwani mwaka 2013 wenzake wa Konamara walimwandikia kwa furaha kwamba sasa wanadai nafasi zote katika nyumba ile zihifadhiwe kwa wanaojua Kiayalandi, na rafiki yake wa karibu, Sista Angella, muuguzi Mganda, aliyekuwa amengojea nafasi huko kwa miaka mingi, alimwambia mbele ya watu, "Peninah, wewe ulishaingia ukatoka, sasa unawasaidia kutufungia mlango sisi? Hao wazee wako ni wa maana kuliko watoto wangu?" Peninah alirudi nyumbani, akamwambia Eliud kwamba Angella ana haki na Bairbre alikuwa na haki, na kwa majuma kadhaa hakuwapigia simu watu wa Konamara wala hakukaa meza moja na Angella, akapungua hata nguo zikamlegea.

Kisha Ijumaa moja alipika pilau, akamwita Angella na wengine watatu sebuleni kwake, akawaambia, "Mlango siufungi. Nawapa ufunguo, lakini ni mzito, mtaubeba?" Angella akauliza, "Na tukiubeba, watatupokea?" Naye akasema ukweli, "Sijui. Nitawaomba." Ndivyo darasa la Ijumaa la Kiayalandi lilivyoanza, na tarehe 15 Februari 2014, maelfu ya watu walipoandamana Dublin wakiwa wamevaa mekundu kudai haki za lugha yao, wanafunzi wa Mwalimu nao walivaa mekundu, wakaenda zao sokoni Al Ras kununua bizari, bila bango wala kelele, na Nasifu, mlinzi wa jengo letu, alipowaona akauliza, "Madam, leo ni harusi ya nani?" akajibiwa, "Ya bibi mmoja wa mbali," akawaombea heri.

Mwezi wa Mei 2015 Peninah alizungumza kwa njia ya mtandao na mkutano wa familia na wasimamizi wa nyumba ile, kwa Kiayalandi tangu mwanzo hadi mwisho, akawaambia, "Msituchuje mlangoni kwa lugha ambayo hakuna aliyetufundisha. Tufundisheni, tulipeni tukiwa tunajifunza, halafu ndipo mtudai lugha hiyo." Wapo waliokasirika, wakasema mgeni anauza walichokipigania, na mmoja wao hakuzungumza naye tena, jambo ambalo lilimuuma hadi mwisho, lakini wengi walikubali, na mwaka 2016 wasimamizi wakaridhia mafunzo ya lugha yenye malipo kwa kila muuguzi mpya. Sheria ya nchi nzima aliyoitamani hakuiona, na nyumba za jirani zilikataa, ila Januari 2017 wauguzi watatu wa darasa la Ijumaa walipokelewa Konamara, Angella akiwa mmoja wao.

Mwezi wa Februari 2018 alianza kuumwa tumbo na mgongo, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, akatibiwa hapa hapa Dubai, na nguvu zilipomwisha kabisa, Angella alikuwa akimpigia simu kutoka zamu yake, akimwekea wazee wazungumze naye, naye akilala na simu juu ya mto, akisikiliza, akimsahihisha Angella neno hili na lile kwa sauti ndogo, na Martina anasema hizo ndizo saa pekee ambazo mama yake hakuulizia dawa. Alituacha Jumamosi, tarehe 22 Septemba 2018, alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mumewe akiwa ameushika mkono wake wa kulia na binti yake wa kushoto, na atapumzishwa kwao Sagalla Jumamosi hii, tarehe 29.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kana kwamba ni mama yao, majirani walioleta chakula hata friji ikakataa kufungika, waajiri na wafanyakazi wenzake Eliud waliosimamia safari ya mwili, jumuiya za Kenya, Uganda na Tanzania, watu wa Konamara waliomwombea, na Sista Angella, aliyefika alfajiri ya leo na ambaye ameomba itangazwe kwamba Ijumaa hii darasa lipo, saa ile ile, sebule ile ile, na yeye ndiye atakayefundisha.

Nenda salama, Peninah, mke, mama, dada na Mwalimu, umewasikiliza wengi, sasa Mungu akusikilize wewe, pumzika kwa amani.