Madamu Insaf Anakabidhi Tai

Alhamisi hii, tarehe ishirini na sita Septemba, Madamu Insaf Abdel-Tawab anastaafu baada ya kulitumikia tawi letu la usajili la Kafr el-Tut kwa miaka thelathini na minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe na ameagiza zisiachwe. Ninayeandika ni Wagih Shenouda wa meza ya tatu, ninayerithi kiti chake. Nimepewa kazi hii ya kumwandikia kwaheri kwa sababu nina mwandiko mzuri, na kwa sababu nyingine ambayo itaonekana mbele.

Alianza kazi enzi za madaftari makubwa yaliyohitaji watu wawili kuyafungua. Mwaka wake wa pili alikabidhiwa muhuri wa tai, nembo ya serikali, na tangu siku hiyo muhuri haujalala nje ya droo yake. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa aliifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, ikakaa hivyo miezi saba, safi kutushinda sote.

Kisha ikaja tovuti ya kuwaondolea watu foleni. Wiki hiyo hiyo foleni ya wanaouliza namna ya kuitumia tovuti ilifika kwa muuza maharage wa kona. Madamu Insaf aliketi nao mmoja mmoja. Mtu akisahau neno la siri, tovuti humuuliza jina la mwalimu wake wa kwanza, na kwa kuwa mwalimu wa kwanza wa kila mtu hapa ni marehemu Bi Bahiga, Madamu Insaf angeweza kufungua akaunti ya mji mzima bila kunyanyuka kitini. Hakuitumia nguvu hiyo vibaya hata mara moja. Nalisema hilo nikijua kwamba mimi ningeshindwa kujizuia.

Haji Metwalli, fundi viatu, alikuja siku moja na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake ndani ya simu, akataka kigongwe muhuri. Madamu Insaf alimweleza kwamba cheti cha mtandaoni hakihitaji tai. Haji akasema, "Binti yangu, cheti bila tai ni karatasi ya kufungia bajia. Gonga hapo." Walibishana nusu saa. Mwishowe Madamu Insaf aliupuliza muhuri, akagonga juu ya kioo cha simu. Haji aliibeba simu kwa mikono miwili mpaka shuleni, asije akafuta wino, na shule ikampokea mtoto.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mwenye muhuri haachiliwi kuondoka kazini mpaka aukabidhi kupitia tovuti, na makabidhiano huthibitishwa kwa namba inayotumwa kwenye simu ya mrithi, yaani mimi. Namba yenyewe huishi dakika mbili. Rihab, binti yake aliyeolewa Aswan, anatarajia mtoto wa kwanza wiki ijayo, na Madamu Insaf alishakata tiketi ya treni ya Alhamisi jioni.

Jumapili aliniuliza kama namba imekuja. Nikamjibu, "Mtandao hakuna, mama." Jumatatu, mtandao hakuna. Jumanne, mtandao hakuna. Ukweli ni kwamba namba ilikuja mara kumi na moja. Nimekaa meza ya tatu miaka tisa, na kila nilipokwama niliinua macho nikaitazama meza ya kwanza, meza yake. Niliogopa siku ya kuinua macho na kukuta kiti kitupu.

Jumatano asubuhi alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Wagih, mwanangu, mtandao ukikatika kweli, wale wa nje hututukana mpaka babu zetu. Siku tatu hizi wanapokea vyeti vyao na kuniombea dua. Umekatika kwako peke yako?"

Niliigeuza simu yangu kifudifudi mezani.

"Uwongo huo wa kupunguzia foleni nikufundishe mimi, halafu uje uniuzie mimi mwenyewe?"

"Naogopa ukiondoka," nikasema.

"Na mimi naogopa Rihab asije akajifungua hana mama wa kumshika mkono. Lete simu."

Ilichukua dakika nne. Tovuti ikatupongeza kwa kuachana na matumizi ya karatasi, kisha ikatuamuru tuichapishe hati ya makabidhiano, tuigonge muhuri, tuipige picha na kuirudisha. Kwa utaratibu, muhuri huo hugongwa na mrithi. Ofisi nzima ikatuzunguka kutazama. Niligonga, na tai akatua kichwa chini, miguu juu.

Ami Bashandi, mpika chai wetu, alichungulia akasema, "Huyu kachoka siku ya kwanza tu." Madamu Insaf alivaa miwani, akaikagua hati kwa muda mrefu, nami nikajua nitaambiwa nirudie. "Ni halali," akasema. "Wangu wa kwanza niliugonga kwenye kidole cha mkurugenzi." Tukaipiga picha na kuirudisha kwenye tovuti, kisha akaikunja hati, akaitia kwenye mkoba, na hapo nikalia mbele za watu bila kuona haya.

Madamu Insaf, wafanyakazi wenzako na foleni nzima tunakushukuru. Safiri salama, ukutane na Rihab kwa heri, na pumziko lako liwe refu na lenye vicheko. Asubuhi hii nimegonga vyeti kumi na vitano, na tai wanane wamesimama kwa miguu. Cheti cha mjukuu wako kikikosa muhuri huko Aswan, kilete hapa, hata kama kimo ndani ya simu. Utanikuta meza ya kwanza.