Tembo Kumi na Wanne wa Mama Nyayo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Nyayo, askari wa wanyamapori, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka sabini na mmoja. Tumemzika jana. Nawaonya mapema, leo sitakuwa mpole.

Mama Nyayo alitembea porini miaka thelathini. Alipostaafu, ofisi moja ya uhifadhi ilimwita awe mlezi wa wahitimu. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Kijana aliyetoka chuo anakaa mwaka mzima na mlezi, analipwa posho, anajifunza kazi. Mwisho wa mwaka mlezi anasaini fomu, kijana anapata cheti na ajira. Bila saini ya mlezi, hakuna ajira.

Tulikuwa sita. Ndiyo, na mimi nilikuwamo. Tulifika na shahada zetu na viatu vipya. Siku ya kwanza alitupangia vinyesi vya wanyama watano juu ya gazeti, akauliza kipi ni cha nani. Tukapatia kimoja. "Poleni na masomo," akasema.

Miongoni mwetu alikuwepo mtoto wa mkurugenzi. Kazi ya huyo bwana ilikuwa kulala. Tulipotumwa kuhesabu tembo, yeye alipewa bwawa la kaskazini. Akabaki kambini, simu kifuani, akapika hesabu: tembo kumi na wanne wamekuja, wamekunywa maji, wameondoka. Hata uongo wenyewe aliutunga kivivu. Bwawa lile lilikuwa na wiki sita tangu likauke.

Mama Nyayo alikwenda kwa miguu kuhakikisha. Aliporudi akamuuliza, "Walikunywa nini, mwanangu? Vumbi?" Akakataa kusaini fomu yake.

Mkurugenzi akamwita ofisini. Mtu mzima na tai yake, hana haya hata chembe. "Mama, tembo kumi na wanne tu ndio watugombanishe? Saini yaishe." Akampa wiki moja achague, asaini au aache kazi.

Binti wa Mama Nyayo ndiye aliyenisimulia yaliyofuata nyumbani. "Nilimsihi. Nilimwambia, mama, saini tu, wajukuu wako wanasoma. Akanijibu, mwanangu, majangili wakiua kumi na wanne wa kweli, karatasi itaonyesha hawajapungua. Nani atahangaika kuwatafuta?"

Hakusaini. Narudia, wasikilizaji wapendwa, hakusaini. Wakamwondoa. Fomu ikasainiwa na mhasibu, mtu ambaye tembo anawajua wa kwenye kalenda. Leo yule bwana mlalaji ndiye mkuu wa kitengo cha tembo. Jana makaburini alisoma risala ndefu, eti mama alimlea. Nilimdharau.

Kisha nikajiangalia mwenyewe. Sisi watano tuliobaki tulijua bwawa ni kavu. Tulipita pale asubuhi ileile, tukalivuka bila hata kulowesha soli. Neno letu moja lingeokoa kazi ya Mama Nyayo. Lakini fomu zetu zilikuwa mezani kwa mkurugenzi zikisubiri muhuri, tukaufyata.

Kwa binti yake, na kwa wajukuu zake watatu, poleni sana. Mmeondokewa na mtu wa kweli, na sisi tuliomwangusha tunawaomba radhi.

Na ninyi vijana mnaoanza kazi ya uhifadhi mwaka huu, tafakarini. Siku mlezi wako atakapoitwa ofisini peke yake, wewe utakuwa wapi? Mimi nilikuwa kwenye foleni ya vyeti, nikachukua changu, nikasema asante.