Abdulwakil, Aliyerudi Bila Mwadini

“Sikukuuliza hiyo inayong’aa kifuani. Nimekuuliza, nduguyo yuko wapi?”

Ndivyo Bi Miska alivyompokea mwanawe, marehemu Abdulwakil, uani kwake Makunduchi, Agosti 1868.

“Mama, nimepewa nishani mbele ya jeshi zima.”

“Nilikukabidhi Mwadini mkononi, umeniletea chuma!”

Marehemu alizaliwa hapohapo Makunduchi mwaka 1843. Alisoma chuo cha Kurani tu, na alichohitimu ni mbio: maalimu akiinua bakora, yeye keshafika Kizimkazi, kala na samaki. Mwaka 1865 alimwoa Bi Zainab, wakajaaliwa binti mmoja.

Mwaka 1867 yeye na mdogo wake Mwadini walichukuliwa na jeshi la Waingereza kwenda vita vya Uhabeshi. Siku ya mapigano makubwa, risasi zikinyesha, marehemu alimbeba ofisa aliyevunjika mguu, mzito kama magunia mawili ya karafuu, hadi kambini. Nishani ilitokana na hilo. Lakini pale alipomwokota, kando ya ofisa alikuwa amelala Mwadini, tumbo wazi, akiita, “Kaka, kaka.” Mgongo ulikuwa mmoja. Aliporudi kumchukua, hakukuta hata kilemba.

Baada ya kumweleza mama haya, hakukaa tena Unguja. Alipanda meli, akaja London kupakua makaa bandarini. Vumbi likamla mapafu. Alifariki tarehe 9 Januari 1889 katika wodi ya maskini, akatupwa shimo moja na watu asiowajua, bila sanda wala sala. Mwaka jana, zaidi ya karne moja baadaye, mafundi wa reli waliifukua mifupa yake. Nishani yenye jina lake ilikuwa imeshonewa ndani ya koti.

Jana, hapa msikitini Tottenham, sanda ilipokwisha kufungwa, wazao wake walizozana.

“Tumsalie Abdulwakil basi,” alisema Sultan, kining’ina wake. “Huyo mwingine hatuna hata mfupa.”

“Sala ya ghaibu, ya maiti asiye mbele yetu, inataka mfupa?” alifoka shangazi yake, Bi Hayat. “Wewe kumtaja jina tu unambania, kama utalibeba kichwani!”

“Lakini Anti, shujaa ni huyu. Yule kafanya nini?”

“Kafa, mwanangu. Kafa akiita, na hakuna aliyem—”

Imamu akaingia.

“Anasaliwa nani?”

Sultan alitazama ile sanda ndogo, nyepesi kama ya mtoto.

“Wawili, sheikh.”

Marehemu ameacha vilembwe na vining’ina Tottenham, Barking na Makunduchi. Abdulwakil na Mwadini, Mola awape mapumziko mema.