Sikio Chini ya Rangi

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, mkabala na mlango wa nyuma wa makumbusho. Asubuhi hiyo Fundi Rangi, mwandishi wa mabango, alikuja na karatasi ameibana kifuani kama anayeikinga na upepo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na hakuacha picha hata moja. Sasa wataalamu wa makumbusho walikuwa wamelimulika bango kuukuu la viatu, kazi ya marehemu baba yake, bila kulikwangua hata kidogo.

— Kila rangi ikipigwa mwanga hujibu kivyake, Fundi alitueleza. Nyeupe ina madini ya risasi, nyekundu ina chuma. Mashine inasoma majibu, inachora. Chini ya viatu kuna mwanamke. Hili sikio lake. Hiki kilemba.

— Na uso? aliuliza Kinyozi.

— Baba aliupiga msasa. Hapo hakuna kilichobaki cha kujibu.

— Mzee alimficha ili mke mdogo, aliyemwoa baadaye, asimwone. Mambo ya ndani hayo.

— Wewe kila kitu wivu! Dereva, mwenzetu wa benchi, alidakia. Mimi nasema ule unga wa msasa aliuchanganya kwenye rangi ya viatu. Mama yako yumo, kaenea ubao mzima!

— Unga! Basi nywele zote ninazofagia humu ni jamaa zangu.

— Cheka tu.

— Mimi ningewaambia waongeze mwanga, alisema Kinyozi. Ukizidi sana, hata sauti itatoka.

— Hiyo mashine au redio?

Tulicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa akipitisha kidole pembezoni mwa lile sikio.

— Hakumficha mtu, alisema. Ubao usiposuguliwa katikati, herufi hazishiki. Alinifundisha mwenyewe. Baba alikuwa fundi mzuri mno.

Kinyozi akatazama chini. Dereva akamsogezea Fundi kikombe chake mwenyewe cha kahawa, kilichokuwa bado kimejaa.

Mama mmoja, mgeni pale, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake kwa muuza kahawa wa jirani. Aliinama kuitazama karatasi.

— Samahani, kaka. Umefanana naye?

Fundi aliiweka karatasi kwenye benchi. Kisha akavua kofia, akatugeukia, akautuliza uso wake kwenye mwanga. Tulimtazama kwa makini, mmoja mmoja, na hakuna aliyeweza kumwambia.