Ukuta Uliotutanua Midomo

Jana mchana, mbele ya wanafunzi wapatao arobaini, niligombana na ukuta, na ukuta ukanishinda. Mimi huyu, niliyevuka mipaka mpaka wakaniita Pasipoti, nilisimama kwenye ukumbi wa chuo cha sanaa nikaunyooshea ukuta kidole na kuuambia uwe na adabu. Ukutani, kwenye picha hai zilizorushwa na mashine, tulikuwamo sisi wanne wa kijiweni, tumeketi kwenye benchi letu hili hili, kila mmoja mrefu kuliko mlango. Nyuma yetu alionekana Mama Birika, muuza kahawa wetu, mdogo kama kiberiti. Juu kulikuwa na kamera ya kumtazama anayeingia na kipaza sauti cha kumsikiliza. Ukipandisha sauti tu, midomo yetu inatanuka. Nilipofoka, mdomo wangu ukala pua, ukala macho, ukamfunika na Mama Birika mwenyewe. Wanafunzi wakapiga makofi. Aliyebuni mambo hayo ni binti yake Mama Birika, na ndiyo kazi yake ya kumaliza chuo. Wakaguzi wanakuja leo saa nne. Leo saa tatu tulikuwa benchini na barua ya kumtaka mkuu wa chuo aing'oe kabla hawajafika. Mwandiko wangu. Mama Birika alikuwa akitumiminia kahawa, kimya.

Msasa, fundi viatu, alikuwa akipigilia kisigino kama anayelipiza kisasi.

— Mimi sikusoma, lakini kudharauliwa nakujua. Yale meno ni yangu?

— Meno ni yako, akasema Breki, dereva mstaafu wa malori. Kosa la binti ni kuyakuza.

— Wewe ulimi wako ulifika sakafuni.

— Ndiyo maana nimekasirika kukuzidi.

— Samaki mkunje angali mbichi, akasema Chaki, aliyefundisha miaka thelathini na mpaka leo hutungoja tutulie kama darasa. Leo katutanua midomo. Tukimwacha, kesho atatanua nini?

Hakuna aliyetaka kukisia.

— Lakini alituomba, nikasema. Alikuja na kamera yake ya miguu mitatu, tukatia saini sote.

— Tulitia saini ya kupigwa picha, akasema Msasa. Mimi nilinyoa ndevu, Pasipoti. Mtu ananyoa ndevu ili afanywe pango?

Breki akamgeukia Mama Birika.

— Shemeji, usituelewe vibaya. Binti tunampenda, amekulia miguuni petu hapa. Tunachoking'oa ni kazi yake tu.

Mama Birika akamwongeza kahawa.

— Na hamjiulizi sauti zetu zinakwenda wapi, akaendelea Breki. Ile mashine imezimeza. Siku moja mke wangu atapigiwa simu na sauti yangu, imwambie narudi nyumbani mapema.

— Hataamini, akasema Msasa. Mimi naogopa haya meno. Wameshayapima yote. Mwaka ujao utaona bibi kizee usiyemjua anatafuna kwa meno yangu.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Chaki. Mdomo ulianza kutanuka kidogo kidogo. Wakitufungia mashine hiyo kila njia panda, siku tukibishana wote kwa pamoja midomo itaungana, mji mzima uwe mdomo mmoja. Mtapita wapi?

Hapo hata mimi nilitaka kucheka, ila nilikumbuka yale makofi, hasira ikapanda upya. Nimefukuzwa kwenye mipaka mitatu, nimelala kwenye bandari nne, na hakuna aliyewahi kunishangilia nikiaibika.

— Tieni saini, nikasema. Saa inakimbia.

Wakatia. Ikabaki nafasi ya shahidi. Mwisho wa benchi alikuwa ameketi muuguzi mmoja mwenye sare, mguu mmoja umevaa kiatu, mwingine unangoja kisigino kilicho mikononi mwa Msasa. Hatukuwahi kumwona.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Chaki. Dada, tusaidie. Saini tu hapo chini.

Yule dada hakushika kalamu. Aliisoma barua mpaka mwisho, jambo ambalo hata mimi mwandishi sikulifanya.

— Mmeandika kwamba mkisema, midomo inatanuka, akasema. Mkinyamaza je? Inafanya nini?

Breki akamtazama Chaki. Chaki akanitazama mimi.

— Wewe ndiye uliyetangulia kuingia.

— Niliingia nikiongea, nikasema.

— Hamkupewa maelezo? akauliza muuguzi. Hata karatasi ukutani?

Nikaukumbuka ule msumari wa mlangoni nilioutundikia koti langu, tena nikajisifu kwamba chuo hiki kinajua kupokea wageni. Chini ya koti kulikuwa na karatasi. Niliihisi kwa vidole, nikaona ni mapambo.

Nyundo ya Msasa ilisimama hewani. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigiliwe misumari, nilisikia makaa yakipasuka chini ya birika. Muuguzi akamgeukia mwenye birika.

— Mama, wewe umeiona kazi ya binti yako?

Mama Birika akalitua birika chini, akajifuta mikono kwa kanga.

— Wakinyamaza, pale ukutani naongea mimi. Hiyo barua wapeleke. Vikombe vyangu waviache hapa.