Vitundu vya Kiini: Maisha ya Mwalimu Fabiano Otema, 1931–1977

Ndugu waombolezaji, mimi ni Sajini Opoka wa polisi, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma ingawa niliwaambia sistahili.

Fabiano Otema alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 huko Kitgum, akasoma shule ya misheni, akaendelea na chuo hapa Kampala, akafunga ndoa na Joska Adong tarehe 9 Januari 1960, wakajaliwa Laker na Ochan, na tangu mwaka 1962 hadi alipougua alifundisha elimu ya viumbe.

Kwa miaka minane alichunguza jambo moja tu, jinsi vitu vinavyoingia na kutoka kwenye kiini cha seli. Alinunua vyura wa bondeni Namuwongo, mkamcheka, akayadunga mayai yao protini zilizotiwa rangi, akatazama, akaona kwamba molekuli ndogo hupita kwenye vitundu vya utando bila shida, kubwa nyingi hubaki nje, lakini kuna kubwa nyingine hupokelewa na kurundikana ndani, na nakala za maagizo ya urithi hutoka nje kupitia vitundu hivyohivyo. Zile kubwa zinatambuliwa kwa kitu gani? Jibu alilikaribia, na kazi yote ilikuwa kwenye daftari moja.

Februari mwaka huu, watu wetu wa Kitgum walipoanza kuchukuliwa na askari, alinipa daftari hilo nilifiche kwangu Luzira. Nikalifungua, nikaona duara lenye milango pande zote, mishale ikiingia na kutoka, nikajua askari yeyote akilikuta ataapa ni ramani ya kambi, nikalitia kwenye sigiri ya mkaa likateketea. Hakuna aliyekuja kupekua, hadi leo hakuna.

Nilipomwambia hakunigombeza, na afadhali angenipiga. Alianza kuandika upya kwa kumbukumbu, figo zikamwangusha mwezi Juni, akafariki tarehe 14 Agosti akiwa ukurasa wa kumi na moja. Njia ya kwetu Kitgum imefungwa kwa watu wa majina yetu, ndiyo maana tunamzika ugenini, na wanaoandika ninayosema waandike tu.

Tunawashukuru madaktari waliomhangaikia bila dawa, majirani mliokuja bila kujificha, na walimu wenzake, hao wawili waliobaki. Enyi wanafunzi wake, mwenye hata karatasi moja ya masomo yake ampelekee Joska mkononi, nawaomba, msinipe mimi.

Kaka, lala, nisamehe.