Jogoo wa Mama Generosa

Pale Maganzo, mji wa wachimba almasi, kwenye gogo lililo mbele ya kibanda cha mzee Athanas muuza kahawa, Jumamosi ile hakuna aliyetaja almasi, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea. Pantaleo alikuwa amenunua jogoo. Tena jogoo mnene, wa kujaza sufuria, kwa kuwa kesho yake mama wa mchumba wake, Generosa, angefika kutoka Masumbwe kula chakula cha Jumapili na kusema kama binti ataolewa au hataolewa. Wajomba walishakubali. Alibaki mama, na mama hakuwa na haraka ya kumpenda mchimbaji. Pantaleo hakupata usingizi, na kahawa aliyokuwa akinywa haikumsaidia kitu.

— Nitamchoma mzima, alisema. Sufuria nzito, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, kama nilivyoona jikoni kwa Mzungu pale Mwadui. Shida yangu ni kukata. Nani apewe nini?

Ignas, aliyeitwa Askofu kwa sababu aliwahi kubeba chetezo kanisani, akakohoa kwanza.

— Firigisi kwa mkwe. Hapo hakuna mjadala.

— Firigisi ni ya mwanamume, alisema Mabula, ambaye kijiwe kizima kilimwita Karai. Mpe paja. Mtu katoka Masumbwe, miguu imemchoka.

— Si anakuja na lori? aliuliza Askofu.

— Basi mpe mgongo. Lori linaumiza mgongo.

Mzee Athanas alicheka mpaka akamwaga kahawa. Karai hakujali.

— Cha muhimu, bawa usimpe Generosa. Kule Buzwagi kuna bwana alimpa mchumba wake bawa, wiki haikuisha binti kaondoka na dereva wa lori la pamba.

— Huyo aliondoka kwa sababu bwana mwenyewe alikuwa haogi, alisema Askofu. Wewe angalia shingo. Shingo ale bwana harusi, ili akiitwa na wanawake barabarani asigeuke.

Pantaleo alikuwa akiyapokea yote, maskini, bila kuchuja.

— Na kwenye sinia jogoo atazame wapi?

— Mlangoni, alisema Karai.

— Akitazama mlangoni mkwe anaondoka na binti yake. Atazame ukutani.

— Kichwa kitakuwa kimeshakatwa, Askofu. Atatazama na nini?

Hapo ndipo alipofika Mwanaima, muuza karanga aliyehamia juzi kutoka Tabora. Alitua ungo wake, akasikiliza kidogo.

— Shikamoo mzee Athanas. Samahani, kaka Pantaleo. Huyo mama anakula kuku?

Usukumani wanawake wa umri ule hawakula kuku, ni mwiko. Kila mtu pale alilijua hilo tangu utotoni, na hakuna aliyelikumbuka. Asubuhi nzima walikuwa wakimgawia vipande mtu ambaye huenda asiguse hata mchuzi. Pantaleo alimfikiria mama yake mwenyewe, aliyewapikia kuku miaka yote kisha akarudi jikoni kula ugali na mlenda. Hakuwahi kumuuliza kama anatamani. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

— Labda amebatizwa, akaachana na mwiko, alisema Askofu.

— Kwani kubatizwa ndiko kula kuku? aliuliza Karai.

Pantaleo akaacha kahawa yake, akaenda kisimani alikokuwa Generosa. Alimweleza kila kitu, jogoo, sufuria, mpaka habari za bawa, kisha akamuuliza swali la Mwanaima. Generosa akatua debe la maji.

— Mama alikula kuku mara moja, alisema. Akiwa na mimba yangu. Alichukua kipande kwenye chungu cha baba akajificha nyuma ya ghala. Hadi leo akisimulia analamba vidole.

— Kwa hiyo kesho atakula?

— Sijui. Hajawahi kukaribishwa na mtu.

Akajitwisha debe, akapiga hatua, akasimama.

— Mkatie kipande kikubwa, Pantaleo. Na mimi unikatie.